Watoto Wetu na Msafara wa Shule



Somo letu mwezi huu ni Injili ya Luka, mlango wa pili, kuanzia aya ya 41 mpaka mwisho wa mlango. Twaomba kila mmoja alisome nyumbani kwake kabla ya kuendelea na ukurasa huu, maana ni habari ambayo sote twadhani twaijua, na kwa sababu hiyo hatuisomi tena.

Yosefu na Mariamu walikwea kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, pamoja na mtoto wao wa miaka kumi na miwili. Sikukuu ikaisha, wakashika njia ya kurudi Nazareti, na mtoto akabaki nyuma. Wazazi hawakujua. Walitembea mwendo wa siku nzima ndipo wakaanza kuulizana yuko wapi.

Kila tunapohubiri habari hii twakimbilia Hekaluni, tukamtazame Bwana wetu akiwa ameketi kati ya walimu. Mara hii twataka tukae kidogo njiani, pamoja na wale wazazi wawili. Ni mzazi gani atembeaye kutwa nzima bila kumwona mwanawe, na moyo wake umetulia? Hapa kwetu Chumbageni mtoto akichelewa nusu saa tu kutoka shule, mama ameshatoka mpaka barabarani, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya macho. Je, Mariamu alikuwa mzembe? Hasha. Luka mwenyewe atupa jibu: walidhani mtoto yuko pamoja na wenzake wa safari.

Kutoka Nazareti mpaka Yerusalemu si karibu. Ni safari ya siku tatu au nne kwa miguu, kama mtu atokaye hapa mjini Tanga kwenda Mombo, tena kwa vilima na mabonde. Watu hawakuthubutu kwenda mmoja mmoja, kwa maana njia zilikuwa na wanyang'anyi, kama tujuavyo kutoka habari ya Msamaria Mwema. Walikwenda kwa makundi, ndugu na jirani pamoja. Bila shaka watoto walitembea na watoto, mkubwa amemshika mdogo mkono, na mwenye pumzi amembebea mwenzake mzigo. Mariamu alikuwa na haki ya kutulia. Alikuwa na watu. Na hata mtoto alipokosekana, palikuwa na wa kuulizwa.

Basi twataka tuulizane jambo moja tu mwezi huu. Watoto wetu wanapotoka nyumbani asubuhi kwenda shule ya msingi, je, wanao msafara?

Mwaka juzi lilitupata jambo hapa parokiani ambalo hatulisemi kwa furaha. Palikuwa na mtoto wa darasa la pili, mjukuu wa bibi mmoja auzaye mihogo ya kukaanga. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitoka na sare yake, mkoba mgongoni, na kila siku saa saba mchana alirudi pamoja na wenziwe. Bibi yake alimshukuru Mungu. Kumbe karibu muhula mzima mtoto hakufika shuleni. Alikuwa akishinda Deep Sea, penye samaki, akiwachotea watu maji na kuparua samaki, akipewa shilingi mbili tatu na fungu la dagaa. Sare aliivua akaificha mkobani, na saa ya kurudi akaivaa tena. Mtoto wa miaka minane alikuwa na hesabu hiyo yote kichwani mwake, naye shuleni alihesabiwa kuwa hajui hesabu.

Na sisi je? Hapa ndipo panapotuuma. Mtoto huyu hakukosa Shule ya Jumapili hata mara moja. Alisimama mbele yetu, akasema aya yake ya moyo bila kukosea, na mwisho wa mwaka tulimpa daftari kuwa zawadi ya mahudhurio. Tulimpa daftari mtoto ambaye hakuwa na mahali pa kuandikia.

Aliyetufumbua macho hakuwa Mkristo. Ni mvuvi mmoja mzee, ambaye alimsimamisha mwalimu wetu mmoja njiani, wakasalimiana vizuri kama ilivyo desturi ya hapa, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, yule mjukuu wa kwenu, shuleni kwao kumefungwa?"

Tuliwaita watoto wa darasa lake waliomo katika Shule ya Jumapili, walikuwa sita. Tuliwauliza kama wanajua mwenzao yuko wapi siku zote hizi. Wakajibu wote kwa pamoja kwamba yuko Deep Sea. Walijua tangu siku ya kwanza. Tukawauliza kwa ukali, ukali ambao sasa twauonea haya, mbona hawakusema. Mmoja wao, binti mdogo, akajibu, "Hatukuulizwa, mwalimu."

Ndugu zangu, tumelichukua neno hilo katika sala zetu tangu siku ile. Watoto hao walikaa na mwenzao dawati moja. Dawati la watatu lilikuwa na wanne, na mmoja alipopotea, waliobaki walipata nafasi ya kunyoosha kiwiko. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Hakuna mtu aliyewaambia kwamba mwenzao ni wao. Walifundishwa kwamba kila mmoja yuko shuleni kwa ajili yake mwenyewe, aangalie daftari lake, alifunike kwa mkono mwenzake asione, apate namba yake, aende zake. Walimu walifundisha hivyo, wazazi tukafundisha hivyo, na Shule ya Jumapili nayo kwa zawadi zake ikafundisha hivyo hivyo.

Chanzo cha utoro kilikuwa kidogo. Mtoto hakujua kusoma, aliposimamishwa asome wenziwe walicheka, akaona haya. Basi. Bahari haikumcheka.

Aliyemrudisha hakuwa mwalimu wala padre. Jirani wa yule bibi ana binti aliyekuwa darasa la sita. Mama yake ni Mwislamu, tena mwenye kushika dini yake sana. Alipopata habari alimwambia bintiye mbele yetu, nasi hatukuwa tumemwomba, "Kuanzia kesho huyu ni ndugu yako. Mtakwenda naye, mtarudi naye." Ikawa hivyo. Binti akitoka chuoni, saa kumi alasiri, waliketi kwenye baraza ya nyumba, si ndani, watu wote wakiwaona, akamsomesha kwa kitabu chake cha zamani cha darasa la kwanza kilichokuwa kimetoka jalada. Nusu saa tu, kisha wakaenda kucheza. Hatusemi kwamba mtoto amekuwa wa kwanza darasani. Mwisho wa mwaka alikuwa wa hamsini na kitu. Lakini yumo.

Tumeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu wako wanaodhani kwamba mambo ya elimu ni ya serikali na walimu, na kwamba kazi ya Kanisa ni kuwaombea watoto wa darasa la saba wiki ya mtihani. Tuwaombee, ndiyo. Lakini tazameni shule zetu zilivyo. Ada ilipoondolewa, na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, watoto waliingia kwa wingi sana. Ilipotangazwa elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, wakaingia tena kwa wingi. Twamshukuru Mungu kwa hilo, maana wengi wa watoto hao wangebaki majumbani. Lakini mwalimu ni yule yule mmoja, na macho yake ni yale yale mawili. Hawezi kujua nani amelala na njaa, nani ameogopa mbwa njiani, nani hajui herufi naye amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Mtoto mwenzake anajua.

Kanisa letu katika pwani hii lilianza hivyo hivyo, kwa watoto waliopewana wao kwa wao. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Steere walipofika Unguja, hawakuwa na shule wala wanafunzi. Sultani aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa ndugu, na kila mmoja alikuwa amepotelewa na watu wake bila tumaini la kuwaona tena. Wale watano ndio waliokuwa shule ya kwanza ya Misheni yetu. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la ushemasi mdogo mwaka 1870. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi akaendelea, na mwaka 1879 akawa shemasi.

Baadaye shule ikawa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, na wasichana wakapata mahali pao Mbweni. Mwaka 1887 Bwana Madan wa Misheni alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe, jinsi walivyokamatwa na kuuzwa. Twakitaja kwa sababu moja. Vijana wale walitoka katika makabila mengi, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na makwao baadhi yao walikuwa adui. Huenda baba wa mmoja alimuuza baba wa mwenzake. Nao waliwekwa kulala bweni moja, kulima shamba moja, na kuimba zaburi moja. Walichojifunza darasani kilikuwa kusoma na kuandika. Walichojifunza nje ya darasa kilikuwa kikubwa zaidi, kwamba yule ambaye si wa kwenu aweza kuwa wako. Waliotoka Kiungani kwenda kufundisha Magila, Masasi na Nyasa walikwenda wakiwa na wenziwe katika kila kituo.

Hatutaki kuisifu Kiungani kupita kiasi. Fimbo ilikuwako, na wazungu wale walikuwa na mawazo yao juu ya Waafrika ambayo leo hatuwezi kuyakubali. Hata hivyo yatupasa kukumbuka kwamba imani yetu hapa pwani ilipokewa kwanza na watoto waliokuwa hawana msafara, wakafanywa msafara wao kwa wao.

Tena jambo hili halikuwa geni kwa wazee wetu wenyewe. Waliotoka jando moja walikuwa ndugu mpaka kaburini, na binti alikuwa na somo wake wa kumwambia yale ambayo mama hamwambii. Shule ilipokuja ilivunja mengi ya hayo, kisha haikuweka kitu mahali pake isipokuwa daftari la mahudhurio.

Wazee wanaosoma gazeti hili watakumbuka mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi walilifupisha wakasema maana yake ni jembe. Sivyo alivyosema. Alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimfundisha kijana kujipenda nafsi yake, na kujiona wa thamani kuliko mama yake aliyebaki shambani. Alitaka shule iwe jamaa, wanafunzi na walimu pamoja, watoto washiriki katika kupanga kazi na kuamua mapato yatumikeje. Katika shule nyingine ilikuwa hivyo, tena vizuri. Katika nyingine, na twasema tuliyoyaona kwa macho yetu tulipokuwa wanafunzi, watoto walilima, mwalimu akavuna. Au jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mtoto akajifunza kwamba kazi ya pamoja ni kitu anachofanyiwa mtu aliyekosa. Wazo jema laweza kuuawa kwa njia nyingi, na hiyo ni mojawapo.

Mwaka 1979, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, Dakta David Morley na wenzake huko London walikuwa wameanza kueneza fundisho waliloliita Mtoto kwa Mtoto. Morley alikuwa amefanya kazi ya udaktari Nigeria, naye alikuwa ameona jambo ambalo kila mama wa Kiafrika analijua, kwamba mtoto mdogo analelewa na dada yake na kaka yake kwa saa nyingi kuliko anavyolelewa na mtu mzima. Akasema, basi na tuwafundishe hao walezi wadogo namna ya kumpa maji yenye chumvi na sukari mtoto anayeharisha, na namna ya kuona kama haoni vizuri au hasikii vizuri. Mkoa wetu wa Tanga haukuachwa nyuma. Katika miaka ya 1990 ulikuwako hapa Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, ambao kwa njia yake walimu waliwapa wanafunzi dawa ya minyoo na ya kichocho shuleni, na katika baadhi ya shule watoto walifundishwa habari ya magonjwa hayo kwa kuuliza na kutenda, si kwa kukariri. Twaona hekima ndani yake. Ukimwambia mtoto peke yake asioge katika kijito chenye konokono wa kichocho, ataoga, maana wenziwe wanaoga. Ukiwaambia watoto kumi kwa pamoja, wakaenda wenyewe kumtazama yule konokono, atakayetaka kuoga atashikwa shati na tisa waliobaki.

Sasa twafika mahali pagumu, nasi twaomba mtuvumilie. Tulipoanza kusema habari hizi katika halmashauri ya parokia, mzee mmoja alisema, "Lakini shule zina viranja. Mkubwa amekwisha kuwekwa juu ya mdogo. Mwataka nini tena?"

Kiranja si mwenzi. Hatuwadharau viranja. Shule kubwa haiwezi kwenda bila kaka mkuu na dada mkuu, na mtu wa kupiga kengele. Lakini kiranja anaandika majina ya wapiga kelele ampelekee mwalimu. Mwenzi anamwuliza mwenzake kwa nini hakuja jana. Kiranja akikuta mdogo amechelewa, amempata mtu wa kumripoti. Mwenzi akikuta mdogo amechelewa, naye mwenyewe amechelewa, maana walikuwa pamoja. Tumewahi kuona mtoto wa darasa la saba amepewa fimbo awasimamie wa darasa la kwanza wakifagia, na kwa siku tatu tu alijua namna ya kuinua kidevu na kuongea kama bwana wa mashamba ya mkonge wa zamani. Mtoto huyo hakuzaliwa hivyo. Sisi tulimpa ile fimbo.

Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, kama tusomavyo katika Luka mlango wa 10. Hakusema yupi mkubwa wa yupi. Na walipobishana njiani ni nani aliye mkubwa, alimtwaa mtoto mdogo akamweka katikati yao. Nasi tukiwaweka watoto wetu wawili wawili, mkubwa na mdogo, yatupasa kumwambia yule mkubwa mbele ya mdogo kwamba hakupewa mtumishi wa kumbebea mkoba wala kumchotea kidumu cha maji. Amepewa mtu.

Wako wazazi waliotuambia, tena si kwa ubaya, "Mwanangu ana mtihani mwaka huu. Sikumpeleka shule kulea watoto wa wenzake." Twajua hofu ya mtihani. Lakini tuliona kwa yule binti wa darasa la sita kwamba aliyekuwa akifundisha ndiye aliyejifunza zaidi. Siku ya kwanza mdogo alimwuliza kwa nini herufi mbili zikikaa pamoja sauti hubadilika, hakuwa na jibu. Ilimbidi akamwulize mwalimu wake, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu kwa ajili yake mwenyewe. Bwana wetu alikutwa Hekaluni akisikiliza na kuuliza maswali. Mtoto anayepaswa kumwelewesha mwenzake huanza kuuliza maswali.

Wengine wanaogopa habari ya dini. Wanasema tutawachanganya watoto. Ndugu wapendwa, hapa Tanga tumechanganyika tangu zamani. Twazikana, twaalikana harusini, na Idi pilau yao inafika mezani kwetu kama mandazi yetu ya Krismasi yanavyofika kwao. Mtoto wa Kikristo akimsubiri mwenzake atoke chuoni, na mtoto wa Kiislamu akimsubiri mwenzake atoke mazoezi ya kwaya, hakuna aliyepotoshwa. Tulikwenda kumwona ustadhi wa chuo cha karibu, tukaongea naye juu ya saa za watoto, akatukaribisha kahawa na kutuambia kwamba alikuwa akifikiri jambo hilo hilo ila hakujua aanze na nani. Lakini sharti moja tuliwekeana: hakuna atakayeutumia urafiki huu wa watoto kumvuta mtoto wa mwenzake aache dini ya wazazi wake. Tumeahidi, na twataka parokia nzima ijue kwamba tumeahidi.

Iko hofu ya tatu, nayo ni ya kweli kuliko hizo mbili, kwamba mzigo utawaangukia wasichana. Binti anaamka kwanza, anafagia uwanja, anawasha moto, anamwogesha mdogo wake. Sasa tumwongeze na mtoto wa jirani? Akina mama wa Umoja ndio waliotuuliza hivyo, na hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tulilolipata baadaye ni hili, kwamba wavulana nao wapewe wadogo, tena wapewe kwanza. Mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye hajawahi kumngoja mtu yeyote, akaja kujifunza kumngoja mtoto wa miaka saba afunge kamba ya kiatu, huyo amefundishwa jambo ambalo mkewe atalishukuru.

Hatuwezi kuwaacha watoto walioumbwa na udhaifu wa viungo. Shule ya msingi ya Pongwe, si mbali na hapa, kwa miaka mingi imepokea watoto wasioona. Marko mlango wa 2 watuambia habari ya watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza mpaka darini, wakatoboa paa. Twamtaja daima yule aliyeponywa. Wale wanne hata majina hatuyajui, ila Bwana aliiona imani yao. Katika mtaa wetu yuko mtoto ambaye hakuandikishwa shule kwa sababu mvua ikinyesha njia yake haipitiki kwa magongo. Mtaa una watoto wenye nguvu zaidi ya thelathini. Wanne tu wangetosha.

Mwezi uliopita tulijaribu kwa sehemu ndogo, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi. Tulikaa meza moja jioni nzima, tukawapanga watoto kwa akili zao, mwenye maksi nyingi na mwenye maksi chache, tukafurahi kwa kazi yetu. Jumamosi tukawasomea. Watoto wakacheka. Mvulana mmoja akasimama akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, huyu anakaa ng'ambo ya reli, mimi nakaa huku. Nitamsindikiza vipi?" Tulikuwa tumesahau njia! Watu wazima tuliandika msafara tusiulize nani anapita wapi. Wakatuomba karatasi, wakajipanga wenyewe kwa vichochoro, kwa nusu saa. Wakasema pia ndugu wa nyumba moja wasiwekwe pamoja, kwa maana hao wamekwisha kugombana tangu asubuhi. Na wakachagua mahali pa kuvukia barabara kubwa, si pale tulipopachagua sisi, bali mbele kidogo, ambapo pikipiki zinalazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Ni mara ya kwanza tumesikia mtu akiyashukuru mashimo ya barabara yetu.

Walipokwisha kupangana, mmoja akauliza, "Mwenzangu asipokuja, nimwambie nani?" Ndilo swali ambalo wale sita hawakuulizwa mwaka juzi. Kwa hiyo kila njia lazima iwe na mtu mzima mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye mlango wake uko wazi alasiri, na ambaye mtoto aweza kusimama barazani kwake aseme fulani leo hakuja. Kazi yake si kufundisha wala kuadhibu. Ni kuinuka, kuvaa ndala, na kwenda kuuliza. Masomo ya watoto yafanyike barazani au uwanjani, mahali pa wazi, na mtu mzima asikae na mtoto mahali pa siri.

Mpaka sasa njia tano zina watu wao. Njia ya nyuma ya reli haina mtu, na hiyo ndiyo yenye watoto wengi. Ile iteremkayo kwenda baharini amejitolea yule mvuvi mzee, naye ameomba apewe orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Bibi wa mihogo ameomba awe na njia yake mwenyewe, maana anakaa pale pale na kikaango chake kutwa, na hakuna mtoto apitaye asimwone.

Atakayeichukua njia ya nyuma ya reli na aonane nasi baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe, kabla shule hazijafunguliwa. Orodha za watoto zitakuwa mezani hapo, pamoja na kalamu.